Mtumishi Anapotuhumiwa: Hospitali Kwanza, Kikao Baadaye

ULIZA TUJIBU

Toleo hili tumeliachia jambo moja tu: mtumishi wa Mungu anayetuhumiwa kumwingilia, kumtongoza au kumtumia kingono mtu aliye chini ya ulezi wake. Barua zimetoka kwa wazee wa kanisa, kwa mwalimu wa dini, kwa sista, kwa mke wa mchungaji. Tumezifupisha na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Sheria tunazozitaja ni za Tanzania Bara, isipokuwa pale tulipoandika kwamba ni za Kenya.

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa. Jana jioni binti wa miaka 16 wa kwaya ya vijana alimwambia mama mmoja wa umoja wa wanawake kwamba mwinjilisti wa mtaa wetu alimwingilia mchana wa siku hiyo, ofisini. Wazee wenzangu wanataka tumwite mwinjilisti kwanza, tumsikilize, halafu ndipo tuwaite wazazi. Tuanzie wapi?

Mzee, wewe ulijibiwa kwa simu. Tunachapa jibu kwa ajili ya wengine watakaolala na swali hilohilo.

Kikao kisubiri. Dawa za PEP, zinazozuia maambukizi ya VVU, lazima zianze ndani ya saa 72 tangu tendo, na hata ndani ya hizo 72 kila saa inayopita inapunguza faida yake. Zikishaanza humezwa siku 28 bila kuruka. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina nafasi hadi saa 120, nayo ni bora mapema. Kama tendo ni la Jumatano na kikao mmekipanga Jumapili baada ya ibada, mtakapofungua kwa sala PEP imeshapita.

Binti aende hospitali na mtu mzima anayemwamini, mama yake au yule mama aliyemwambia kwanza. Asioge, asijisafishe, nguo zisifuliwe. Kama ameshabadili, kila nguo itiwe peke yake kwenye bahasha ya khaki au mfuko wa karatasi. Hapa wengi huharibu kwa nia njema: wanachukua mfuko wa nailoni, wanatia nguo zote pamoja, wanafunga kisawasawa. Unyevu unabaki ndani, ukungu unaota, na kilichokuwa kielelezo kinaoza kabla hakijamfikia Mkemia Mkuu wa Serikali. Kama ameshaoga, aende vilevile. Dawa bado zinamhusu na daktari bado ana cha kuona.

Polisi ombeni Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo mtapewa PF3, fomu anayoijaza daktari. Kama hospitali iko karibu kuliko kituo, anzeni hospitali, na mtu mwingine afuate fomu. Hospitali kadhaa kubwa zina kituo cha mkono kwa mkono, ambamo daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wako chini ya paa moja. Mkikwama, pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto, haikatwi salio.

Sasa hilo la kumwita mwinjilisti kwanza. Msimwite. Haki ya kusikilizwa anayo, ataitumia mbele ya mpelelezi na baadaye mbele ya hakimu. Mkimwita leo mmempa usiku mzima wa kufuta meseji, kumpigia baba wa binti, na kumtuma mjomba mwenye bahasha. Kesi nyingi za namna hii hufa katika usiku huo, kabla polisi hawajajua kuna kesi.

Binti naye asirudie kueleza mbele ya wazee saba. Aliyeambiwa kwanza aandike alichosikia, kwa maneno ya binti mwenyewe. Kama alisema "alinifanyia tabia mbaya", iandikwe hivyohivyo, isisafishwe kuwa "alimnajisi". Aweke tarehe, saa na sahihi. Asimuulize maswali yenye jibu ndani yake, kama "alikushika hapa, sivyo?", kwa sababu wakili wa utetezi atasema mtoto alifundishwa. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama imtie mtu hatiani kwa maneno ya mhanga peke yake ikiridhika kuwa ni ya kweli, na Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa. Maneno hayo ndiyo mali yake. Msiyachezee.

Na kama kuna atakayesema "huenda alikubali": kwa miaka 16 ridhaa haihesabiki. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kilivyoandikwa upya na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinamtaja hata kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake kubaka. Adhabu haipungui miaka 30. Aliyebakwa akiwa chini ya miaka 10, ni maisha. Mvulana akilawitiwa, ni kifungu cha 154, nacho kwa mtoto ni maisha. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Kwa hiyo baraza la wazee halina kura ya kupiga kuhusu kuripoti au kutoripoti.

Kikao mtakifanya baada ya polisi kupata taarifa, na kiwe na ajenda moja: kumsimamisha mwinjilisti kwa barua, na kuchukua funguo za ofisi, daftari la kwaya na laini ya simu ya usharika siku hiyohiyo. Laini hiyo husahauliwa. Ina namba za watoto wote wa kipaimara.

Wazazi wamepokea milioni mbili na kuandikishana mbele ya balozi wa nyumba kumi. Binti ana mimba, yuko kidato cha pili. Je, hapo si yamekwisha?

Hayajaisha. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, wazazi hawana mamlaka ya kuiuza. Karatasi waliyosaini inaweza kugeuka kielelezo dhidi ya mtuhumiwa, maana hakuna anayelipa milioni mbili kwa jambo ambalo halikutokea. Na kwa kuwa ni mwanafunzi, kuna kosa la pili: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Kumwoa hakumwokoi mtu. Nako ni kosa.

Matunzo ya mtoto atakayezaliwa yanadaiwa kwa njia yake, kupitia ustawi wa jamii na mahakama, na kipimo cha vinasaba kinaweza kuamriwa. Hayahusiani na kuifuta kesi.

Nina miaka 34. Ndoa yangu ilipoyumba nilimwendea mchungaji kwa ushauri. Baada ya miezi mitatu tukawa na uhusiano, nusu mwaka. Nilipojitokeza, kikao kiliandika kwamba "wamekiri kuzini" na wote wawili tumewekwa chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa. Yeye karudi madhabahuni, mimi bado nimetengwa. Je, si kweli kwamba sote tulikubali?

Dada, turudi kwenye huo muhtasari, maana kosa la kanisa limelala katika neno moja. "Wamezini" ni sentensi yenye watenda wawili walio sawa. Mliyokuwa nayo hayakuwa sawa. Ulimwendea na siri za ndoa yako. Alijua mume wako hulala wapi, unalia saa ngapi, unaogopa nini. Maarifa hayo aliyapata kwa sababu ya kola, na akayatumia. Daktari akifanya hivyo na mgonjwa wake, hatuandiki kwamba wamezini. Muhtasari sahihi ungesomeka hivi: "Mchungaji alitumia nafasi ya ushauri wa kichungaji kuanzisha uhusiano wa kingono na muumini aliyekuwa chini ya uangalizi wake." Hapo mtenda ni mmoja, na marudi yanajua pa kwenda.

Neno likishabadilika, hatua nazo hubadilika. Mwandikie mkuu wa jimbo, au katibu mkuu wa dayosisi kama jimbo limeshindwa. Omba vitu viwili vilivyotengana: muhtasari urekebishwe, na shauri lifunguliwe upya kama matumizi mabaya ya ofisi. Ambatisha tarehe za vikao vya ushauri. Toa nakala, omba mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Barua isiyo na mhuri wa kupokelewa huwa "haikutufikia".

Meseji zako usizipige picha tu ukafuta. Hifadhi simu yenyewe, na laini yake. Chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mahakama itataka kujua ujumbe ulitoka kifaa gani na ulitunzwaje, na picha ya kioo iliyopita simu tatu za WhatsApp haijibu swali hilo. Taarifa ya M-Pesa ya miezi hiyo sita nayo iombe. Nauli na "pesa ya vocha" zilizotumwa saa tano usiku zinaeleza mengi.

Je, ni jinai? Kwa mtu mzima aliyekubali bila vitisho, mara nyingi si kubaka. Lakini kama mwanzoni kulikuwa na kushikwashikwa au maneno usiyoyataka, hilo ni udhalilishaji wa kijinsia chini ya kifungu cha 138D, na angalia saa: malalamiko ya kosa hilo yana ukomo wa siku 60 tangu tukio. Na kama alikuwa na kitu cha kukupa, ajira katika shule ya kanisa au nafasi ya masomo kwa mwanao, akataka ngono kwanza, hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Pa kwenda ni TAKUKURU, na huhitaji ruhusa ya askofu.

Timotheo wa kwanza 5:19 inakataza kupokea mashtaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu. Na Zaburi inasema tusiwaguse masihi wa Bwana. Mnatutaka tuliasi Neno?

Someni na aya ya 20, inayoamuru anayedumu katika dhambi akemewe mbele ya wote. Aya hizo mbili ziliandikwa pamoja, ila kwenye vikao husomwa moja tu.

Kanuni ya mashahidi inazuia kanisa lisimhukumu mtu kwa umbea. Haisemi kwamba lazima watu wawili wawe wamesimama mlangoni wakitazama. Meseji ni shahidi. Daftari la wageni la nyumba ya kulala ni shahidi. Mwanamke wa pili, wa usharika aliotoka mtuhumiwa miaka mitano nyuma, mwenye habari inayofanana, ni shahidi mzito. Torati yenyewe, Kumbukumbu 22:25–27, inamzungumzia binti aliyekamatwa shambani ambako hakuna mtu wa kumsikia, na inamwamini.

Mathayo 18 nayo, ile ya kumwendea ndugu yako mkiwa wawili tu, inahusu ndugu aliyekukosea. Kumpeleka mtoto akae faragha na aliyemuumiza "ili wapatane" ni kumrudisha pale alipoponea. Na Zaburi 105 inaongea juu ya wafalme waliokatazwa kuwadhulumu mababu wa Israeli walipokuwa wageni wasio na nguvu. Katika kesi hizi mnyonge ni nani?

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista. Mama mmoja ameniambia kwamba padre alimtamkia maneno ya kumtaka ndani ya kitubio. Anaogopa kusema kwa sababu ya siri ya maungamo. Nami naogopa paroko.

Milele amina, Mwalimu. Siri ya kitubio inamfunga padre, haimfungi anayeungama. Mama huyo ana haki ya kusema alichotamkiwa, kwa nani atakaye. Kumtaka mtu kingono ndani ya kitubio, au kwa kisingizio cha kitubio, ni kosa kubwa katika Sheria ya Kanisa (kanuni ya 1385), nalo hupelekwa Roma, halimaliziki parokiani. Na akina padre wakiwaambia wanawake "mimi mwenyewe nitakuondolea" baada ya kutenda nao dhambi hiyo, ondoleo hilo ni batili, isipokuwa katika hatari ya kufa, na aliyelitoa amejitenga na Kanisa kwa tendo hilohilo.

Paroko si mlango pekee. Waraka wa Papa Fransisko, Vos estis lux mundi, wa 2019, uliorekebishwa 2023, unalitaka kila jimbo liwe na ofisi au mfumo wa kudumu wa kupokea taarifa, unaofikika na watu wote. Uliza kwenye ofisi ya jimbo nani anahusika na ulinzi wa watoto na watu walio katika hatari. Kama anayetuhumiwa ni askofu, taarifa inaweza kwenda kwa askofu mkuu wa jimbo kuu, au moja kwa moja kwa Balozi wa Papa. Waraka huo unakataza kumlazimisha mlalamikaji au shahidi anyamaze, na unakataza kumwonea mtu kwa sababu ametoa taarifa. Akikuambia mtu kwamba "ni siri ya kipapa", mjibu kwamba siri hiyo iliondolewa Desemba 2019 kwa makosa yanayotajwa na waraka huo.

Waraka pia hauchukui nafasi ya polisi. Padre akisikia jambo katika maungamo hawezi kulisema popote. Alilolisikia sebuleni, ofisini au kwa simu halimo katika siri hiyo, hata akiwa amevaa stola.

Mimi ni mtawa. Padre anayetuletea misa ndiye pia anayeidhinisha ada za masomo ya masista vijana. Yanayoendelea tunayajua sote. Mama Mkuu anasema tusiharibu jina la shirika.

Sista, hili halikuanza kwenu. Mwaka 1994 sista daktari, Maura O'Donohue, alipeleka Vatikano taarifa iliyogusa nchi 23, akieleza jinsi mapadre walivyowageukia masista wakati wa UKIMWI kwa kuwaona kuwa "salama". Ilijulikana hadharani 2001. Tarehe 5 Februari 2019, akiwa ndegeni kutoka Abu Dhabi, Papa Fransisko alikiri mbele ya waandishi kwamba wapo mapadre na hata maaskofu waliofanya hivyo.

Kinachowafunga ni ada. Basi anzeni hapo: shirika liombe kwa maandishi kwamba fedha za masomo zipitie kwa mweka hazina wa shirika, au ofisi ya elimu ya jimbo, kwa sahihi mbili, na jina la padre huyo lisiwemo. Barua hiyo haimtuhumu mtu, hivyo Mama Mkuu anaweza kuisaini bila kutetemeka. Taarifa yenyewe iende kwenye ofisi ya jimbo, au nje ya jimbo kama jimbo linamlinda. Tangu marekebisho ya Sheria ya Kanisa yaliyoanza Desemba 2021, kutumia mamlaka kumlazimisha mtu mzima kingono ni kosa lenye adhabu, hadi kuvuliwa upadre (kanuni ya 1395). Sista kijana akipata mimba akafukuzwa siku hiyohiyo huku padre akipelekwa masomoni Ulaya, shirika limeshashiriki.

Mchungaji wetu alikiri, alilia, alitubu mbele ya usharika. Halmashauri inataka apumzike miezi sita kisha ahamishiwe dayosisi nyingine. Kuna ubaya?

Upo. Mhasibu aliyeiba sadaka akitubu kwa machozi anasamehewa, anakumbatiwa, anapewa meza ya Bwana, na hakuna anayemrudishia funguo za sanduku. Kwa nini funguo za watoto na wajane ziwe rahisi kuliko za fedha?

Aliyemgusa mtoto asirudi kwenye utumishi, hata baada ya kifungo. Aliyetumia nafasi yake kwa mtu mzima, kurudi kwake kusihesabiwe kwa miezi. Kuhesabiwe kwa mambo yanayoonekana: amekubali maandishi yanayomtaja yeye kuwa mtenda, amelipa gharama za ushauri wa aliyemuumiza, amekaa na mshauri asiye rafiki wa askofu, na mhanga ameulizwa. Mara nyingi, hata baada ya yote, jibu sahihi ni kwamba anaweza kuwa Mkristo mzuri kwenye benchi.

Kuhamisha ndiko kunakozaa wahanga wapya. Tazameni kisa cha John Smyth, wakili Mwingereza aliyekuwa kiongozi wa kambi za vijana Wakristo. Hakuwa kasisi, lakini wenye kanisa walimlinda kama mmoja wao. Mwaka 1982 viongozi wachache waliandikiwa taarifa ya jinsi alivyowachapa vijana kikatili. Hawakwenda polisi. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, na 1992 kijana wa miaka 16 akakutwa amekufa kambini. Baadaye alihamia Afrika Kusini, akafa 2018 bila kuhukumiwa. Ripoti huru ilipotoka Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, akatangaza kujiuzulu. Walioona ni heri "aondoke tu" mwaka 1982 walikuwa wametupa moto kwenye uwanja wa jirani.

Waanglikana wana utaratibu tangu mkutano wa Lusaka wa 2016 wa kanisa moja kuambiana na jingine ukweli juu ya mtumishi anayehama. Ninyi wengine mnaweza kufanya hivyo bila mkutano wowote. Dayosisi inayopokea iandike, na ijibiwe kwa maandishi: Amewahi kulalamikiwa kuhusu wanawake, vijana au watoto? Amewahi kusimamishwa? Mngempokea tena? Jibu likija kwa simu tu, "huyo hana neno, mchukueni", msimchukue. Na barua isemayo "anahama kwa sababu za kiafya" iulizwe ni ugonjwa gani.

Mume wangu ni mchungaji. Amesimamishwa kwa tuhuma ambazo si za kweli. Mshahara umekatwa, tumeambiwa tuhame nyumba ya usharika ndani ya wiki. Je, haki yetu iko wapi?

Mama mchungaji, kusimamishwa si hukumu, na kusigeuzwe kuwa hukumu. Kama ni mwajiriwa, kanuni za utendaji bora kazini za 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinataka anayesimamishwa kupisha uchunguzi alipwe mshahara kamili. Nyumba nayo isichukuliwe kabla shauri halijaamuliwa, ila kama iko ua mmoja na shule au bweni, kanisa liwatafutie pengine kwa gharama yake.

Wapo wanaosingiziwa. Kinachomsafisha mtu kama huyo ni uchunguzi unaoaminika. Kikao cha wazee aliowateua yeye hakimsafishi mtu yeyote. Dai tume ndogo ya watu watatu au watano: asiwemo ndugu, asiwemo anayemdai au kudaiwa naye, wawemo wanawake, na angalau mmoja atoke nje ya dayosisi. Mumeo apewe tuhuma kwa maandishi na siku za kutosha kujibu. Tume isianze kuhoji wakati polisi wanaendelea, itavuruga mashahidi. Mwishoni iandike moja kati ya matatu: imethibitika, haikuthibitika, ni ya uongo. La pili na la tatu ni vitu viwili tofauti, na tume nyingi huyachanganya.

Kwa upande wenu: asimpigie mlalamikaji, asitume mtu, nawe usimwendee mama yake "kuyaongea kina mama". Likifika mahakamani, hilo pekee linaweza kumkosesha dhamana.

Nipo Pwani ya Kenya. Kanisa letu ni huru; pasta ndiye mwanzilishi, mkewe ndiye mweka hazina, hatuna askofu juu yake. Ameshikwa kwa kunajisi msichana wa miaka 14. Waumini wanachangishana wamtoe, na mamake msichana ameshawishiwa aondoe kesi.

Mama huyo hawezi kuiondoa. Kifungu cha 40 cha sheria ya makosa ya ngono ya Kenya ya 2006 kimeuweka uamuzi wa kusitisha mashtaka juu, kwa ofisi ya mashtaka ya umma. Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, kifungu cha 8 kinasema kifungo si chini ya miaka 20. Hakikisheni fomu mbili zipo: P3 ya polisi, na ile ya hospitali ya huduma baada ya kubakwa, PRC. Kesi nyingi hulegea kwa sababu moja ilipotea. Toeni nakala siku ileile. Simu za bure ni 1195 kwa ukatili wa kijinsia na 116 kwa watoto. FIDA Kenya huwasaidia wanawake na watoto kisheria.

Juu ya kanisa lenyewe: kama hakuna askofu, kuna Msajili wa Vyama (Tanzania ni Msajili wa Jumuiya, na wadhamini husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili). Ombeni katiba iliyoandikishwa na majina ya maafisa. Mara nyingi utakuta majina ya watu waliohama zamani, na hapo ndipo mlango wa kuitisha mkutano mkuu ulipo. Angalieni pia kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani. Kikiwa cha pasta binafsi, msipoteze miaka miwili mkipigania mabati. Ondokeni na watoto wenu. Na mchango wa wakili, asiyetaka kutoa asisomwe jina ibadani.

Tutatangazaje kanisani? Wengine wanasema tusitangaze kabisa.

Msipotangaza, mtaa utatangaza, na utamtaja binti. Asome mkuu wa jimbo au mtu wa kutoka nje ya usharika, mwishoni mwa ibada, kutoka kwenye karatasi, bila kuongeza neno la mdomo. Yatosha hivi: "Mtumishi wetu fulani amesimamishwa kazi tangu tarehe fulani kufuatia malalamiko mazito. Vyombo vya dola vimepewa taarifa. Kusimamishwa si kutiwa hatiani. Tunawaomba msimtafute wala kumtaja aliyelalamika. Mwenye taarifa yoyote ampigie fulani." Msiweke umri, wala kwaya, wala mtaa wa mlalamikaji; katika usharika wa watu mia mbili, "binti wa sauti ya kwanza" ni sawa na kumtaja jina. Picha za karatasi hiyo zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp, maana kule hufika na maneno mapya juu yake.

Mtakayempa namba ipigwe awe mwanamke, na asiwe mke wa mchungaji mwingine. Namba ibandikwe msalani, upande wa wanawake na wa wanaume, kwenye karatasi iliyokatwa vipande vya kuchanika chini, ili anayeihitaji achane kimoja aondoke bila kuonekana akiandika. Mhudumu apite kila Jumatatu kuangalia vimebaki vingapi.